Zamu Yangu Iliyovuka Daraja

Alhamisi, 24 Desemba 1998

Zamu yangu nimenyang'anywa juzi, Jumanne, mwezi tatu Ramadhani, jua halijapanda. Nayaandika hivi hivi, nisije nikaambiwa kesho kwamba nilikubali. Sikukubali.

Miaka sita ni siku mbili Likoni kwangu, siku mbili Bombolulu kwa Kafedha. Faki mwenyewe, mume wetu, ndiye aliyepanga, mbele ya shehe na mbele ya mamake. Sijamwibia mke mwenzangu hata usiku mmoja. Mwaka jana kulipochafuka kwa vurugu huku Likoni, watu wamefunga milango, ni mimi niliyemvusha Faki kwa mkono wangu ili Kafedha apate haki yake. Leo haki yangu iko wapi?

Ilikuwa hivi. Naamka kupika daku. Faki hafungi — shehe alimruhusu tangu mwaka jana kwa sababu ya kuanguka kwake. Namwita, haitiki. Mara kanyanyuka, jasho linamtiririka kama aliyetoka kuoga, anafungua kabati la nguo anataka kupitia humo atoke nje! "Faki, huo si mlango." Akacheka. Kicheko si chake. Kisha chini, puu! Mikono inapiga sakafu.

Mamake, Bi Mwanatabu, anakaa nyumba ya pili. Alifika kabla sijapiga ukelele wa pili. Ana kombe lake siku zote, aya zimeandikwa kwa zafarani zikaoshwa, naye hutia asali humo. Kamnywesha kijiko kijiko. Muda wa kuchemsha chai hivi, Faki kakaa kitako, anauliza kwa nini nyumba imejaa watu.

Bi Mwanatabu akanigeukia mbele ya majirani wote.

"Mwanasaumu, mwanangu ameanguka hapa mara ngapi?"

Mara tano, Mama.

"Na kwa Kafedha?"

Nikainama kuokota kijiko.

"Sema! Wewe si ndiye mjuzi wa hesabu?"

Sifuri, Mama.

"Basi nyumba hii ina kitu. Mwanangu hatalala hapa mpaka apone."

Faki akainamisha kichwa. Asubuhi ile ile kavuka feri, kavuka na daraja la Nyali, kwa Kafedha.

Mimi nauza makuti na boriti. Nilianza na mzigo wa kichwani kutoka Shelly mpaka Mtongwe; leo mahoteli ya Diani hunifuata mimi. Boriti nahesabu kwa korja, ishirini ishirini, na sijakosea hata nguzo moja. Tano kwa sifuri si bahati mbaya. Pana jambo. Lakini kwa nini jambo liwe langu na si lake?


Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Kafedha ni Mkristo, Mgiriama wa Kisauni, hakusilimu wala hakulazimishwa. Kwa hiyo leo mume wangu anakula pilau ya Krismasi mchana kweupe, nami hapa na kiu yangu.

Futari nimekula peke yangu. Nimepakua sahani mbili kwa mazoea. Moja nikaifunika.


Jumatatu, 28 Desemba

Nimetoka Bombolulu na moyo wangu unachemka.

Nilikwenda na chupa ya maji ya mbegu za uwatu. Mimi najua Faki ana nini. Yule bwana wa zahanati alishaniambia mwaka jana: mtu mzima anayetetemeka, anayetoka jasho, anayeanguka, huyo ana kisukari. Hakumpima, lakini mimi nilimwamini. Mamangu alikufa kwa kisukari, mguu mmoja ulitangulia kaburini. Kwangu sukari ilitoka siku ile ile. Chai kavu. Tende marufuku. Uwatu asubuhi na jioni. Mume analalamika, mimi namwambia: vumilia, nataka uzeeke na miguu yote miwili.

Sasa nakuta nini kwa Kafedha? Mahamri! Yule kazi yake ni mahamri ya kuuza. Saa kumi alfajiri karai lishaunguruma, na ya kwanza kutoka motoni ni ya Faki, na chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Ananiambia mwenyewe, bila haya, huku anakanda unga.

"Dada Saumu, mimi simwachi alale na njaa. Usiku nikiamka kuumua unga humwamshia kipande cha kashata. Anakula macho yamefumba, kama mtoto."

"Unamuua!"

"Mbona anazidi kunenepa?"

Kweli kanenepa. Shati la idi halifungi. Hilo nalo likanichoma — kwangu anakonda roho, kwake ananawiri mwili.

Nikampa Faki uwatu wake. Kanywa yote, apate kunyamazisha wake zake wawili. Nikamwekea na mkate mkavu, hakuutaka. Nikakaa naye pale barazani mpaka saa tano na zaidi, namweleza habari za boriti. Mara naona midomo inatetemeka. Ananiangalia kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Wewe ni nani?" Jasho. Kichwa kikaanguka kifuani.

Sita!

Na hii ya sita si Likoni. Hii ni kwake, barazani pake! Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonipitia si hofu. Lilikuwa: sasa ni tano kwa moja.

Kafedha katoka mbio na chupa ya soda, kaing'oa kizibo kwa meno, kamtilia kinywani. Nikamshika mkono — soda kwa mtu wa kisukari! Kanisukuma nikakalia beseni la unga. Kamwaga soda yote, nusu kooni, nusu kifuani.

Faki kafumbua macho. Kasema, "Kafedha, umenilowesha."

Kafedha kanitazama pale nilipo ndani ya unga. "Kama sukari ndiyo inayomuua, dadangu, mbona ndiyo iliyomwamsha?"

Nimerudi Likoni na unga mgongoni, feri nzima inanitazama.


Jumatano, 6 Januari 1999

Nimempeleka kwa daktari. Mimi. Si mamake, si mwenye mahamri. Nimemtafuta Daktari Ngala, mtaalamu wa magonjwa ya ndani, ana chumba chake kisiwani. Nilitaka daktari amwambie Kafedha kwa kinywa chake kwamba anamuua mume wetu kwa mahamri. Ndiyo maana nikasema na yeye aje. Nilimlipia nauli!

Daktari alisema Faki aje bila kula. Kamtoboa kidole, tone likaingia kwenye kimashine. Kamtazama Faki, katazama mashine, kamtoboa kidole kingine.

Mbili nukta moja.

Nikauliza: ya kawaida ngapi? Asubuhi kabla ya kula, nne mpaka sita hivi. Na mwenye kisukari? Kumi, kumi na tano, hata ishirini.

Hesabu sihitaji kufundishwa. Mbili iko chini ya nne.

Daktari kampa glukosi anywe, kisha katuuliza mmoja mmoja: kwako hula saa ngapi mara ya mwisho? Na anapoamka?

Kwangu: magharibi, kisha hali kitu mpaka jua litoke. Chai kavu na uwatu.

Kwake: usiku kashata, saa kumi mahamri na chai tamu, saa nne tena — ile niliyoikatiza mimi siku ya uwatu.

Daktari kamwambia Kafedha — namnukuu, maneno haya siyasahau — "Mama, mahamri yako yamemweka huyu bwana hai."

Kafedha kalia. Kwa furaha! Faki kampangusa machozi kwa leso yangu.

Na mimi? Daktari alinigeukia kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. Kasema uwatu hushusha sukari. Kasema nilidanganywa, si kosa langu. Najua si kosa langu! Aliyenidanganya alivaa koti jeupe. Lakini tano kwa moja imepata maelezo yake, na maelezo ni kwamba mimi nilikuwa nampeleka kaburini kwa mapenzi, na mwenzangu, nusu usingizini, kwa mazoea ya biashara yake, alikuwa anamrudisha.

Nani atanipangusa mimi?


Jumanne, 12 Januari

Daktari amenieleza mara ya pili, polepole, niyaelewe niyaandike.

Tumboni, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kongosho. Hilo hutoa insulini, dawa ya mwili wenyewe ya kushusha sukari. Mtu akila hutoa, asipokula hunyamaza. Daktari anashuku kwamba kwenye kongosho la Faki kumeota kidonge cha nyama, pengine kidogo kama kunde, ambacho hakijui kunyamaza. Usiku na mchana kinamwaga. Ndiyo maana asipokula huanguka. Ndiyo maana ananenepa — anakula ili asife.

Kidonge chenyewe hakijaonekana. Picha zimepigwa, hakuna kitu. Kwanza wathibitishe: atalazwa, anyimwe chakula makusudi, wangoje sukari ianguke, wachukue damu wakati ule ule, waone kama insulini bado inamwagika.

Bi Mwanatabu kasikia, kapiga kofi. "Ramadhani wamemzuia asifunge, sasa hospitali ndiyo itakayomfungisha! Dunia imekwisha."

Nikamwuliza: Mama, sasa umejua kwamba nyumba yangu haina kitu. Zamu yangu je?

Kasema, "Nimesema mpaka apone. Amepona?"


Jumatano, 20 Januari

Idi ilikuwa jana. Faki alikuja Likoni kuswali, kala biriani yangu — nimetia sukari mpaka kwenye kachumbari, atazame. Nikadhani atalala. Saa kumi jioni kavaa viatu. "Mama kasema..."

Mwanamume wa miaka arobaini na sita. Anachomelea vyuma Changamwe, cheche hazimtishi. Anamwogopa mama.


Ijumaa, 22 Januari

Sijui nianze wapi.

Alilazwa jana baada ya chamshakinywa. Tangu hapo maji matupu. Muuguzi katupekua sisi wawili kama mahabusu: kwenye kikapu cha Kafedha katoa kashata tatu. "Za kwangu," anasema. Muuguzi kazila mbele yake. Nilicheka, sikujizuia.

Waliruhusu mke mmoja kukaa naye. Kafedha ana mahamri ya watu, ilibidi aende. Kwa hiyo zamu ikawa yangu — ya kwanza tangu mwezi tatu Ramadhani, kitanda cha chuma, yeye na sindano mkononi, mimi kitini. Nikaihesabu hivyo hivyo. Zamu ni zamu.

Alikuwa mzuri mpaka asubuhi ya leo. Tunacheka. Kanikumbusha siku tuliyoezeka nyumba yetu kwa makuti niliyokataliwa na hoteli. Kisha maneno yakaanza kumponyoka. Muuguzi kapima: mbili nukta nane. Bado, kasema, daktari anataka chini zaidi. Kapima tena: mbili nukta mbili. Kaenda kumwita daktari.

Tukabaki wawili. Faki kanishika mkono. Jasho. Macho yamenielekea lakini hayako kwangu. Kasema, vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu anayekufunulia siri:

"Kafedha. Likoni sirudi. Hata nikipona, Likoni sirudi."

Mkono wangu uko ndani ya mkono wake. Na jina ni la mwingine.

Daktari kaingia, wakachukua damu chupa tatu, wakamtia glukosi kwenye mshipa. Kazinduka kama mtu aliyewashiwa taa. Katabasamu. "Mwanasaumu, vipi? Mbona umekunja uso?"

Hakumbuki kitu.

Nilimfuata Daktari Ngala nje. Nikamweleza. Kasema ubongo ukikosa sukari husema lolote, Mama, maneno hayo usiyatie hesabuni. Nikamwuliza: njaa hiyo hutunga maneno mapya, au hufungua mlango yakatoka yaliyokuwamo?

Kafikiri. Kasema hajui. Kasema hakuna ajuaye.

Kiwango chake cha mwisho kilikuwa moja nukta tisa. Hapo ndipo ukweli wa mume wangu unapokaa? Chini ya mbili?


Jumatatu, 1 Februari

Majibu yametoka. Insulini ilikuwa juu wakati sukari iko chini. Kidonge kipo. Kilipo ndipo hapajulikani.

Kuna njia mbili. Moja ni ya zamani: wapasue tumbo kutoka ubavu hadi ubavu, mpasuaji aingize mkono apapase kongosho mpaka akiguse. Ya pili ni mpya. Amekuja mpasuaji mgeni kutoka ng'ambo, atakuwa hospitali moja ya binafsi kisiwani mwezi huu. Huyo hapasui. Hutoboa matundu manne, kila moja la kidole tu, hulijaza tumbo hewa liinuke kama hema, huingiza kamera nyembamba kama kijiti na kutazama kwenye televisheni. Na kwa kuwa mkono hauingii kupapasa, ana kijiti kingine cha mawimbi ya sauti, hukipitisha juu ya kongosho lenyewe, kama mvuvi anayepima kina. Kunde ikiwamo, itaonekana.

Na isipoonekana? Basi watapasua siku hiyo hiyo. Hakuahidi. Nilimpenda kwa hilo.

Mpasuaji kauliza, Daktari Ngala katafsiri: mke wake ni nani, nimweleze hatari zake?

Tukasimama wote wawili.

Mgeni katutazama. Kasema kitu. Daktari Ngala kakohoa akificha kicheko, hakututafsiria.

Faki kaulizwa anataka njia gani. Kanitazama mimi, kisha Kafedha, kisha mamake. Bi Mwanatabu kasema mwanawe si gogo la kutobolewa. Nikasema: matundu. Kafedha kasema: "Kama Dada Saumu amesema." Hivyo tu. Kwa nini anikubalie? Ningependa apinge, nishinde.

Gharama nimeibeba mimi. Boriti zote za uwanjani zimekwenda, hata mianzi niliyokuwa nimeiweka akiba. Mahamri huweka mtu hai, sikatai. Hayamtoi kidonge.


Alhamisi, 11 Februari

Leo. Nimeshinda kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, Kafedha kushoto kwangu, Bi Mwanatabu kulia na tasbihi. Naandika sasa hivi nimerudi nyumbani.

Saa tano Bi Mwanatabu kaenda kuswali dhuha, kachelewa. Tukabaki sisi wawili. Nilikuwa nimeapa simwambii. Lakini kukaa karibu na adui masaa matatu hulegeza ulimi. Nikamwambia. Faki kasema: Likoni sirudi, hata nikipona. Na alidhani mimi ni wewe.

Kafedha hakufurahi. Hilo nililiangalia sana, nikamtazama usoni nikitafuta furaha hata chembe.

Kasema, "Dadangu, mimi kaniambia hayo hayo."

"Yapi?"

"Kabla hatujamjua daktari. Alfajiri moja nilichelewa, unga haukuumuka. Kaanza kutetemeka. Hakuanguka, nilimuwahi na asali. Lakini kabla ya asali kanishika hapa, kaniita Saumu. Kasema, Saumu, Bombolulu sirudi tena."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Kwa mamake?" Kanyoosha leso magotini. "Nililia siku mbili. Nikatia sukari zaidi."

Sasa nimekaa nalitafuna neno hilo. Kweli, au kanitungia kunipoza? Kama ni uongo, ni wema — na wema wake siutaki, una deni. Kama ni kweli, basi Faki chini ya mbili humwambia kila mke anachotaka kusikia mwenziwe. Au humwogopa yule aliye naye, hujifichia kwa asiyekuwapo. Nashindwa kuihesabu hii. Boriti hazijawahi kunisumbua hivi.

"Muulize," kasema Kafedha. "Lakini muulize ameshiba."

Saa saba kasoro mlango ukafunguliwa. Mpasuaji mwenyewe, kofia ya kijani, jasho. Daktari Ngala nyuma yake. Kimeonekana! Kamera peke yake haikukiona — kongosho lilikuwa laini, limelala kimya kama halina neno. Kile kijiti cha mawimbi ndicho kilichokikuta, upande wa mkiani, kimejizika ndani, karibu na mshipa mkubwa wa wengu. Walikaa saa nzima wakikimenya taratibu, mshipa usitoboke. Wakakitia kwenye kimfuko, wakakitoa kitovuni. Hawakupasua.

Katuonyesha ndani ya kichupa. Kunde kweli. Nyekundu-kahawia, milimita kumi na nne. Hiki ndicho kilichonitoa kwenye kitanda changu!

Bi Mwanatabu kaanguka sijida pale pale kwenye saruji. Kafedha kanikumbatia. Na mimi — nimkumbatie? Nilimkumbatia. Kifua chake kinanuka iliki.

Kisha kafuta machozi, katangulia kuingia kumwona.


Jumapili, 14 Februari

Sukari yake: siku ya kwanza kumi na moja, daktari kasema ni kawaida, mwili umeshtuka. Jana nane. Leo, usiku mzima hakula kitu, asubuhi sita nukta tatu. Hakutetemeka. Kaamka kaniita jina langu — kwa sababu ni mimi niliyekuwapo, nisijidanganye.

Bega linamuuma, wanasema ni ile hewa ya tumboni inatafuta njia. Kuna mpira mmoja unatoa maji kando ya tumbo. Ukikauka wanautoa, anakwenda nyumbani.

Nyumbani! Neno hilo kila mtu analitaja, hakuna anayesema wapi.

Nilimsikia Bi Mwanatabu ukumbini akimwambia muuguzi: mwanangu atapumzika Bombolulu, kule kashazoea. Nikatoka.

"Mama, amepona. Ulisema mpaka apone."

"Amepona kidonda?"

"Kwanza kitu, kisha ugonjwa, sasa kidonda. Kidonda kikifunga utasema nini, Mama? Nywele zake hazijakatwa?"

Muuguzi kaingia chumba cha dawa, nadhani kucheka. Bi Mwanatabu kasema, "Umeota pembe." Kasema polepole lakini. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakupata neno la kuongeza.


Jumatano, 17 Februari

Mpira umetoka. Kesho saa nne anaruhusiwa.

Nimekwenda saa za jioni, wenzangu wameshaondoka. Nimembebea uji wa mtama, sukari vijiko vinne. Kanywa bakuli zima. Nimekaa, nimengoja, nimezungumza habari za makuti mapya ya Msambweni mpaka nikaona rangi imekaa usoni. Nikamwita muuguzi, nikamwomba ampime. Kashangaa, kampima. Sita nukta nane.

Faki kacheka. "Hata hospitali unanihesabu?"

Nikafunga mlango. Nikamwambia yote. Ulisema Likoni hurudi, ukanishika hivi, ukaniita Kafedha. Na Kafedha naye anasema ulimshika hivi, ukamwita mimi, ukasema Bombolulu hurudi.

Cheko likamtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Mimi namjua mtu asiyekumbuka kitu — nilimwona Ijumaa ile, uso mweupe kama karatasi. Huu haukuwa uso ule. Alikuwa anajua namzungumzia nini!

"Ni ugonjwa, Mwanasaumu."

"Ugonjwa uko kwenye kichupa. Nimeuona. Sasa nazungumza na wewe."

"Mama..."

"Mama hayumo humu. Kafedha hayumo. Nazungumza na sita nukta nane."

Katazama dirishani. Kashika kidonda, cha kitovuni. Nilitaka kumwonea huruma, ikaja, nikaiacha ipite. Nikamwambia hivi, kwa sauti ya kawaida, naandika neno kwa neno:

Faki, sitaki uniache wala sitaki umwache yeye. Simpendi, lakini alikuweka hai, nami nilikutoa kile kidonge. Nataka zamu yangu, siku mbili kwa mbili, kama ulivyopanga mbele ya shehe. Au uniambie hunitaki, nijue. Kesho nakuja na teksi. Getini, kushoto ni kwenda feri, kwangu; kulia ni kwenda daraja la Nyali, kwa Kafedha. Dereva atauliza. Asijibu mamako, asijibu Kafedha, nisijibu mimi. Utajibu wewe. Na utakuwa umekula.

"Na nikisema nahitaji muda?"

"Miaka sita, Faki."

Kisha kanishika mkono. Nikautazama — mkavu, hauna jasho, hautetemeki. Mkono wa mtu mzima, mwenye akili zake zote.

"Mwanasaumu," kasema. Jina ni langu safari hii. Kafungua kinywa kuendelea, na mlango ukagongwa, na sauti ya Bi Mwanatabu, kumbe karudi: "Faki mwanangu, umelala?"

Nikauvuta mkono wangu. Nikamwambia sikioni: kesho, saa nne, kabla dereva hajawasha gari. Kushoto au kulia. Usiniambie umesahau.